Hisa ni ya Mwanahisa: Dhidi ya Utetezi wa Kidonge cha Sumu

Kwa takriban miaka arobaini, wanasheria wa kampuni nchini Marekani, majaji wa jimbo la Delaware na wakurugenzi wa kampuni kubwa wamefundisha kwamba mwenye hisa za kawaida anahitaji kulindwa dhidi ya mtu anayemjia na fedha taslimu kutaka kununua hisa zake. Hoja yenyewe huelezwa hivi: mnunuzi asiyealikwa huja wakati bei ya hisa imeshuka, huwatia wanahisa wadogo hofu ili wauze upesi, huitwaa kampuni kwa bei ya kutupa, kisha huivunja na kuuza vipande vyake, kwa hiyo bodi ya wakurugenzi, ambayo inaijua thamani ya kampuni kuliko mtu yeyote wa nje, haina budi kuwa na silaha za kumzuia. Mafundisho haya yameenea kiasi kwamba hurudiwa kama jambo lisilohitaji ushahidi, na kwa kuwa zaidi ya nusu ya kampuni kubwa za Marekani zimesajiliwa Delaware, kilichoamuliwa na mahakama za jimbo hilo dogo kimekuwa sheria ya mali ya mamilioni ya watu. Makala haya yanayapinga mafundisho hayo. Yanashikilia kwamba kinga dhidi ya utwaaji, kwa jinsi zinavyotumika, humlinda mkurugenzi kabla ya kumlinda mwanahisa, na kwamba hata pale zinapomletea mwanahisa faida humletea kwa kumpokonya uamuzi ambao ni wake.

Ni lazima kwanza ieleweke hisa ya kawaida ni kitu gani. Mwenye hati fungani ameahidiwa riba na tarehe ya kurudishiwa fedha zake. Mwenye hisa za upendeleo ameahidiwa gawio la kiwango maalumu litakalotangulia gawio la wengine. Mfanyakazi ana mkataba wa ujira, na aliyeiuzia kampuni malighafi ana ankara mkononi. Mwenye hisa za kawaida hakuahidiwa chochote. Yeye hupata kinachobaki baada ya wote hao kulipwa, na kampuni ikifilisika ndiye wa mwisho kwenye foleni, mara nyingi akikuta chungu kimekwisha kukombwa. Kwa kubeba hatari hiyo sheria imempa haki tatu: kupiga kura kuwachagua wakurugenzi na kuamua mambo makubwa kama muungano wa kampuni, kupata gawio pale bodi itakapoamua kulitangaza, na kuiuza hisa yake kwa mtu amtakaye. Haki ya gawio haina meno, kwa kuwa bodi isipolitangaza hakuna wa kuilazimisha, ila kwa nadra sana. Zinabaki mbili, kura na kuuza, na thamani yote ya hisa kama mali ya mtu binafsi imesimama juu ya nguzo hizo mbili.

Wasomi Adolf Berle na Gardiner Means walikwisha kuonyesha mwaka 1932 kwamba katika kampuni kubwa ya kisasa umiliki umetengana na mamlaka: wenye mali ni maelfu waliotawanyika, wenye kuiendesha ni wachache wasio na sehemu kubwa ya mali hiyo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1965, msomi wa sheria Henry Manne alieleza kinachowatia adabu hao wachache. Kampuni ikiendeshwa vibaya bei ya hisa zake hushuka, na bei ikishuka hutokea mtu anayeona kwamba akiinunua na kuwaondoa waendeshaji wazembe atapata faida. Hofu ya mtu huyo ndiyo inayomfanya mkurugenzi akumbuke kwamba fedha anazozisimamia si zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kinga dhidi ya utwaaji humfungia nje mgeni huyo.

Kinga iliyo mashuhuri kuliko zote ilibuniwa mwaka 1982 na Martin Lipton, mwanasheria wa New York. Jina lake rasmi ni mpango wa haki za wanahisa. Jina lililoshika ni kidonge cha sumu. Bodi hupitisha azimio la kutoa haki moja kwa kila hisa ya kawaida, na haki hiyo hulala mpaka mtu mmoja, au kundi linalotenda kwa pamoja, afikishe kiwango fulani cha hisa bila kibali cha bodi, kiwango ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 20. Akivuka mstari huo, kila mwanahisa mwingine anaruhusiwa kununua hisa mpya kwa nusu ya bei, isipokuwa yule aliyevuka, ambaye haki zake hubatilika papo hapo. Ichukuliwe, kwa mfano, kampuni yenye hisa milioni 100, kila moja ikiwa na bei ya dola 10, na mnunuzi aliyekwisha kupata hisa milioni 20. Wenye hisa milioni 80 zilizobaki wakinunua hisa moja mpya kwa kila hisa waliyo nayo, kwa dola 5, kampuni itakuwa na hisa milioni 180 na thamani ya dola milioni 1,400, yaani takriban dola 7.78 kwa hisa. Fungu la mnunuzi litakuwa limeshuka kutoka asilimia 20 hadi takriban 11, na mali yake ya dola milioni 200 itakuwa imepungua kwa zaidi ya dola milioni 44, fedha zilizohamia kwa wenzake ingawa yeye hakuvunja sheria yoyote. Mnunuzi mwenye akili timamu hukomea kabla ya mstari, na kidonge hufanya kazi yake bila kumezwa.

Jambo la kuzingatia katika maelezo hayo ni moja ambalo watetezi hupenda kulipita haraka: anayekipitisha kidonge ni bodi peke yake. Wanahisa hawaitwi kwenye mkutano, hawapigi kura, na mara nyingi husoma habari zake magazetini baada ya jambo kwisha. Mpango unaoitwa wa haki za wanahisa hutungwa, hupitishwa, hurefushwa na hufutwa bila wanahisa kuulizwa. Tena kampuni haihitaji hata kuwa nao leo, kwa kuwa wanasheria wake wameuweka tayari kabatini, na bodi inaweza kuutoa na kuupitisha kwa kikao kimoja siku mnunuzi anapobisha hodi.

Uhalali wa kidonge ulipimwa katika kesi ya kampuni ya huduma za fedha ya Household International, iliyofunguliwa na John Moran, mmoja wa wakurugenzi wake, na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Delaware mwezi Novemba 1985. Mahakama ilikiidhinisha kidonge, lakini iliwapa wanahisa ahadi mbili za kuwatuliza. Ahadi ya kwanza ilikuwa kwamba bodi haitakuwa na uhuru wa kukishikilia kidonge ipendavyo, kwa kuwa siku ofa halisi itakapokuja mwenendo wake utapimwa kwa kanuni iliyowekwa miezi michache kabla katika kesi ya kampuni ya mafuta ya Unocal: je, bodi ilikuwa na sababu za msingi za kuamini kuwa kuna tishio kwa kampuni, na je, hatua iliyochukua ililingana na tishio hilo? Ahadi ya pili ilikuwa kwamba wanahisa wasioridhika watabaki na njia ya kura, kwani wanaweza kuwachagua wakurugenzi wengine watakaokifuta kidonge. Utetezi wote wa leo umesimama juu ya ahadi hizo mbili, na yafaa kuuliza zimetimizwaje.

Ahadi ya kwanza ilianza kudhoofika kabla ya miaka minne kwisha. Mwaka 1989 bodi ya kampuni ya Time ilikuwa imekubaliana na kampuni ya Warner kuunganisha kampuni zao kwa kubadilishana hisa, na wanahisa wa Time walitazamiwa kupiga kura mwezi Juni. Kampuni ya Paramount ilipojitokeza na ofa ya dola 175 taslimu kwa kila hisa ya Time, bodi iliona wazi kwamba kura ingeweza kuiendea vibaya. Ikaubadili muundo wa muungano ukawa ununuzi wa Warner kwa fedha za mkopo, muundo ambao haukuhitaji kura ya wanahisa wa Time. Paramount ilipandisha ofa hadi dola 200. Mahakama za Delaware ziliruhusu bodi iendelee na mpango wake, zikikubali kwamba miongoni mwa vitisho vinavyoweza kuihalalisha kinga ni hatari ya wanahisa kuikubali ofa kwa kutoijua thamani ya mpango wa bodi. Maana yake ni nzito. Tishio ambalo kanuni ya Unocal ililikusudia lilikuwa vitendo vya mnunuzi. Sasa likawa uamuzi wa mwanahisa mwenyewe. Mwenye mali aligeuzwa kuwa hatari kwa mali yake.

Matunda ya wazo hilo yalionekana katika kesi ya Airgas, ambayo ndiyo silaha kubwa ya watetezi na kwa hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwezi Februari 2010 kampuni ya Air Products ilitoa ofa ya dola 60 kwa kila hisa ya Airgas, muuzaji wa gesi za viwandani na za hospitali, kisha ikapanda hatua kwa hatua hadi dola 70, fedha taslimu, kwa hisa zote bila ubaguzi. Airgas ilikuwa na kidonge cha asilimia 15, na pia ilikuwa na bodi ya awamu. Bodi ya awamu ni ile ambayo wakurugenzi wake wamegawanywa katika makundi matatu, na kila mwaka kundi moja tu ndilo hupigiwa kura, wakati sheria ya Delaware hairuhusu wakurugenzi wa bodi ya namna hiyo kuondolewa katikati ya muhula bila kosa, isipokuwa hati ya kampuni iseme vinginevyo. Mnunuzi anayetaka kuibadili bodi kwa kura hana budi kushinda mikutano miwili ya mwaka, huku fedha zake zikisubiri na soko likipanda na kushuka.

Mwezi Septemba 2010 wanahisa wa Airgas waliwachagua wakurugenzi watatu waliopendekezwa na Air Products, na wakapitisha pia kanuni ya kuuleta mkutano unaofuata mwezi Januari. Mahakama ya Juu iliibatilisha kanuni hiyo mwezi Novemba kwa sababu ilifupisha muhula wa wakurugenzi waliokuwapo. Tarehe 15 Februari 2011 Chansela William Chandler, jaji wa Delaware aliyeisikiliza kesi hiyo, akaamua kwamba bodi inaweza kuendelea kukishikilia kidonge. Ofa ilikuwa imekaa mezani mwaka mzima, wanahisa walikuwa na taarifa zote, hakuna aliyelazimishwa. Chansela mwenyewe aliandika kwamba kwa maoni yake binafsi kidonge kilikuwa kimekwisha kutimiza kazi yake halali, ila alifungwa na maamuzi ya mahakama iliyo juu yake. Tishio pekee lililosalia lilikuwa lile lile: kwamba wanahisa wengi wangeuza kwa bei ambayo bodi iliiona ndogo.

Watetezi hujibu kwa tarakimu moja. Mwezi Novemba 2015 kampuni ya Ufaransa ya Air Liquide ilikubali kuinunua Airgas kwa dola 143 kwa hisa, zaidi ya mara mbili ya dola 70. Husema pia, na ni kweli, kwamba hata wale wakurugenzi watatu waliopendekezwa na Air Products, walipoingia na kuona hesabu za ndani, walikubaliana na wenzao kwamba dola 70 hazitoshi. Hoja hii haifai kubezwa. Mwanahisa aliyeshikilia hisa zake kwa karibu miaka mitano alifaidika, na alifaidika kuliko ambavyo angefaidika kwa kuweka fedha hizo katika wastani wa soko. Lakini kuna mambo mawili yanayosahauliwa. La kwanza ni kwamba dola 143 hazikuwa bei ambayo soko lilikuwa limeipa Airgas chini ya bodi yake. Zilikuwa bei ya mnunuzi wa kampuni nzima, zikiwa takriban theluthi moja juu ya bei ya soko ya siku iliyotangulia tangazo. Fungu zuri la faida inayotajwa kuwa zawadi ya kinga lilitokana na utwaaji, yaani na jambo lile lile ambalo kinga ilijengwa kulizuia. La pili ni kwamba mwanahisa aliyetaka kubaki mwaka 2011 hakuhitaji kidonge ili abaki, kwa kuwa ofa si amri na angeweza kukataa kuuza. Aliyezuiwa ni yule aliyetaka kuuza kwa dola 70, labda kwa sababu alihitaji fedha, labda kwa sababu hakuwa na imani kwamba bodi ingetimiza makadirio yake. Huyo aliambiwa angoje, na hatari ya kungoja ikabaki juu yake.

Na hatari hiyo si ya kufikirika tu. Mapema mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuwa tayari kuinunua Yahoo kwa dola 31 kwa hisa, wakati hisa hiyo ilikuwa imefunga soko kwa dola 19.18. Bodi ya Yahoo, iliyokuwa na kidonge tangu mwaka 2001, ilisema bei hiyo haifikii thamani ya kampuni, na ilipitisha mpango wa malipo ya kuachishwa kazi ambao ungeongeza gharama kwa yeyote atakayeitwaa. Microsoft ilipanda hadi dola 33. Wakuu wa Yahoo wakataka 37. Mwezi Mei Microsoft ikaondoka. Kabla mwaka haujaisha hisa ya Yahoo ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Ni kweli kwamba baadaye wanahisa waliovumilia waliinuliwa na fungu la hisa ambalo Yahoo ilikuwa nalo katika kampuni ya China ya Alibaba, lakini biashara yenyewe ya Yahoo, ile ambayo bodi ilidai kuijua thamani yake kuliko mtu yeyote, iliuzwa kwa Verizon mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 4.5. Watetezi wa kinga huitaja Airgas kila mahali na Yahoo hawaitaji, na anayeujenga msimamo wake juu ya mfano mmoja huku akiuficha wa pili hajathibitisha kitu.

Hata hivyo kosa la msingi haliko katika kuhesabu nani alipata na nani alikosa. Liko katika kudhani kwamba swali la nani aamue hujibiwa kwa kutazama matokeo. Mtu anayeuza shamba lake kwa bei ambayo baadaye huonekana ndogo hakupoteza, kwa kosa hilo, haki ya kuuza shamba linalofuata. Mwanahisa huyo huyo ambaye sheria inamwamini anunue hisa yoyote kwa bei yoyote sokoni, anayeaminiwa kuwachagua wakurugenzi na kuidhinisha muungano wa kampuni ambao bodi imeupendekeza, anawezaje kuwa mjinga siku moja tu, siku ambayo ofa imekuja bila baraka za bodi? Kama mwanahisa anapotoshwa na uhaba wa taarifa, dawa yake ni taarifa: bodi iandike, ieleze makadirio yake, ilete wathamini wake, iwashawishi wenye mali. Sehemu kubwa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani imo mikononi mwa mifuko ya pensheni na ya uwekezaji yenye wachambuzi wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo ya kupima thamani. Kudai kwamba watu hao hawawezi kuelezwa jambo wakaelewa ni kudai kwamba hoja ya bodi haielezeki.

Zaidi ya hayo, anayeamua kwamba ofa ni ndogo ni mtu atakayepoteza kiti, mshahara na heshima endapo ofa itakubaliwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa si lazima kudhani kwamba wakurugenzi ni watu waovu. Mtu mwadilifu kabisa huona ni rahisi kuamini kwamba uongozi wake una thamani kubwa kuliko soko linavyosema. Ndiyo sababu sheria, katika mambo mengine yote, humtoa kwenye uamuzi mkurugenzi mwenye maslahi binafsi. Katika jambo hili peke yake, lililo zito kuliko yote, kesi ya ngedere amepewa nyani.

Watetezi wenye busara zaidi huiacha hoja ya thamani na kushika ile ya mapatano. Wanasema kidonge hakikusudiwi kuzuia mauzo, bali kuipa bodi nguvu ya kujadiliana kwa niaba ya wanahisa waliotawanyika, na mnunuzi akijua kwamba hawezi kupita bila bodi atapandisha bei. Zipo ofa ambazo bei yake ilipanda hivyo, kama ilivyokuwa kwa ofa ya Air Products yenyewe. Lakini tukio linalokumbukwa na wengi zaidi halikuwa hivyo. Tarehe 15 Aprili 2022 bodi ya Twitter ilipitisha kidonge cha asilimia 15 dhidi ya Elon Musk, aliyekuwa ametoa ofa ya dola 54.20 kwa hisa. Siku kumi baadaye bodi hiyo hiyo ilitia saini mkataba wa kumuuzia kampuni kwa dola 54.20. Kidonge hakikuongeza hata senti moja. Kilichoileta bodi mezani kilikuwa uthibitisho wa fedha alioutoa mnunuzi katikati ya siku hizo.

Kinachopandisha bei kwa uhakika zaidi ni mnunuzi wa pili, na huyo huhitaji muda na mlango ulio wazi. Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwezi Novemba 2013 wanahisa wakubwa waliokuwa tayari wameishika Rea Vipingo, kampuni ya mkonge yenye mashamba Kenya na Tanga, walitangaza kuwanunua wanahisa waliobaki kwa shilingi 40 za Kenya kwa hisa na kuiondoa kampuni kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaja na shilingi 50. Mashindano yakaendelea mpaka ofa ikafika shilingi 85, zaidi ya mara mbili ya ile ambayo watu wa ndani walikuwa wameianza. Hakukuwa na kidonge. Palikuwa na mgeni.

Hoja moja ya watetezi ina uzito wa kweli, nayo ni ya shinikizo. Katika miaka ya 1980 wanunuzi walitumia ofa za ngazi mbili, yaani ofa inayowalipa fedha taslimu wanaouza mapema na kuwaachia wanaochelewa hati za deni zenye thamani ya mashaka. Mwekezaji T. Boone Pickens aliiendea Unocal kwa namna hiyo mwaka 1985: dola 54 taslimu kwa hisa zitakazomtosha kuishika kampuni, na hati za deni la hatari kwa wengine. Hapo mwanahisa huuza hata akiamini bei ni ndogo, kwa kuhofia kuachwa nyuma. Huo ni ulaghai wa kimpangilio, na sheria inayoukataa inafanya haki. Lakini dawa yake haikuwa lazima iwe kumkabidhi mkurugenzi funguo za mlango. Uingereza, kwa kanuni zake za utwaaji zilizoanza mwaka 1968, ilichagua njia nyingine: anayefikisha asilimia 30 ya kura analazimika kutoa ofa kwa hisa zote kwa bei isiyopungua aliyoilipa karibuni, na bodi inakatazwa kuivuruga ofa bila idhini ya wanahisa. Kanuni za Kenya za mwaka 2002 zinafuata mkondo huo kwa kuweka mstari kwenye asilimia 25, na kuitaka bodi ya kampuni inayotakiwa ilete maoni ya mshauri huru ili wanahisa wapime wenyewe. Shinikizo linaondolewa, na uamuzi unabaki kwa mwenye mali. Ofa ya Air Products, iliyokuwa ya taslimu kwa wote, isingekuwa na tatizo lolote chini ya utaratibu huo.

Mwishowe huletwa wafanyakazi. Husemwa kwamba bodi iliyolindwa inaweza kuwafikiria wafanyakazi na miji inayotegemea kiwanda, ilhali mwanahisa hufikiria bei tu, na hapo hutajwa Cadbury, iliyonunuliwa na Kraft mapema mwaka 2010 kwa takriban pauni bilioni 11.5. Kraft ilikuwa imesema inaamini kiwanda cha Somerdale karibu na Bristol kingeweza kuendelea. Mara baada ya ununuzi ikatangaza kukifunga, na mwezi Mei mwaka huo ikakemewa hadharani na mamlaka ya utwaaji ya Uingereza. Uchungu wa wafanyakazi wale ni halali, na mwandishi yeyote anayejali haki hawezi kuupuuza. Lakini bodi ya Cadbury yenyewe ilikuwa imekwisha kuamua kukifunga kiwanda hicho kabla Kraft haijafika. Kidonge kisingekiokoa. Kilichosaidia ni mabadiliko yaliyofuata, ambayo tangu mwaka 2015 yanamwezesha mnunuzi kufungwa na ahadi zake baada ya ununuzi. Mfanyakazi hulindwa na sheria ya kazi, chama chake na ahadi inayoweza kudaiwa. Hisani ya mkurugenzi, ambaye kwa sheria ya Delaware wajibu wake ni kwa kampuni na wanahisa wake, si ulinzi.

Inabaki ahadi ya pili, ya kura. Msomi wa sheria Lucian Bebchuk na wenzake wawili, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 kuhusu ofa za uhasama za miaka ya 1996 hadi 2000, hawakupata hata mnunuzi mmoja aliyeishinda kwa kura bodi ya awamu iliyojengwa imara. Ahadi iliyotolewa mwaka 1985 ilikuwa haitimiziki kwa kila kampuni iliyokuwa na bodi ya namna hiyo. Tangu hapo wanahisa wamezilazimisha kampuni nyingi kubwa kuachana na bodi za awamu, na hilo ni jema, lakini vidonge navyo vimegeuzwa kuelekea kura yenyewe. Mwezi Machi 2020, bei za hisa zilipoporomoka kwa hofu ya korona, bodi ya kampuni ya mabomba ya gesi ya Williams ilipitisha kidonge cha asilimia 5 kilichowahesabu wanahisa kuwa kundi moja hata kwa kutenda sambamba tu. Hakukuwa na mnunuzi. Walioogopwa walikuwa wanahisa wanaodai mabadiliko. Mahakama ya Delaware ilikibatilisha mwaka 2021, na ilifanya haki. Ila ilikibatilisha kwa kuwa kilipita kiasi, na bodi yenye mawakili makini inaweza kukichonga upya.

Wanaotunga na kurekebisha kanuni za masoko ya hisa, Nairobi na Dar es Salaam wakiwamo, waukatae mfumo huu utakapoletwa kwao kwa jina la ulinzi wa wanahisa wadogo. Bodi inayotaka kidonge ikiombe kwa wanahisa, kwa kura, kwa muda uliotajwa, na ofa ya taslimu kwa hisa zote ikikaa mezani kwa muda wa kutosha iachwe iamuliwe na waliotajwa kwenye daftari la hisa. Delaware haikufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Mpango wa Household International ulipitishwa tarehe 14 Agosti 1984 kwa kura 14 za wakurugenzi dhidi ya 2. Kura za wanahisa hazikuhesabiwa, kwa kuwa hazikuombwa.